Unataka Kupaka Geto Lako Rangi ya Giza? Mambo 9 ya Kujua Kama Unaishi Karatu au Ngorongoro

Siku hizi ukifungua simu, chumba kinachosifiwa sio kile cheupe pekee. Unakutana na ukuta mweusi wa mkaa, kitanda chenye shuka la kijivu, taa ya njano pembeni na ua la kijani kwenye kona. Kinaonekana chumba cha mtu mzima, aliyetulia na maisha yake.

Kama umepanga chumba kimoja Karatu mjini, Rhotia au Oldeani, huenda na wewe umeshaitamani sura hiyo. Pengine umeshaulizia hata bei ya kopo.

Kabla hujamwita fundi, soma hii. Rangi nzito inaweza kukifanya chumba cha futi 10 kwa 12 kiwe kizuri kuliko vyote ulivyowahi kulala. Inaweza pia kukufanya uwashe taa saa sita mchana, uone kila chembe ya vumbi, na siku ya kuhama ugombane na mwenye nyumba kuhusu hela ya kupaka upya.

Kinacholeta tofauti kati ya hayo mawili ni mwanga. Rangi inakuja baadaye. Twende hatua kwa hatua.

1. Rangi nzito haikipunguzi chumba, inakula mwanga

Watu wengi husema rangi ya giza hukifanya chumba kuwa kidogo. Chumba ni kilekile, hakuna hata inchi moja iliyopotea. Kinachobadilika ni mwanga unaorudi machoni kwako.

Ukuta mweupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Ukuta wa rangi ya mkaa hurudisha chini ya asilimia 10. Maana yake ni hii: kwenye chumba cheupe, mwanga wa dirisha moja unagonga ukuta, unarudi, unagonga ukuta wa pili, unarudi tena, hadi kona zote zinapata. Kwenye chumba cheusi mwanga unaingia mara moja na kumezwa.

Ndiyo maana balbu moja katikati ya dari inatosha chumba cheupe lakini inashindwa kabisa kwenye chumba cha giza. Pale katikati panang'aa, kona zinabaki kama pango.

Lakini kuna faida pia. Ukuta wa giza unaficha kona, kwa hiyo jicho halioni vizuri ukuta unaishia wapi. Ukiweka taa ndogo sehemu mbili tatu, chumba kinapata kina na utulivu. Watu wanaposema chumba kina "mudi", kwa kawaida wanazungumzia hicho.

2. Picha unayoitamani ilipigwa kwenye dirisha kubwa

Hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge. Vyumba vingi vya giza unavyoviona mtandaoni vina dirisha linaloanzia karibu na sakafu hadi darini, au mpiga picha alileta taa zake.

Mfano upo hapa hapa kwetu. Ngorongoro Crater Lodge, iliyopo kwenye ukingo wa kreta, inajulikana duniani kwa vyumba vyenye mbao za rangi nzito, vitambaa vizito na taa za vioo zinazoning'inia. Lakini vyumba hivyo vina madirisha makubwa yanayotazama kreta. Giza la ndani linapendeza kwa sababu kuna mwanga mwingi nje unaoingia.

Sasa linganisha na chumba cha kupanga. Dirisha moja lenye nondo, wavu wa mbu, na pazia. Nje kuna kibaraza chenye bati linaloziba anga, na mbele kuna ukuta wa nyumba ya jirani. Ukichukua rangi ya lodge ukaiweka humo bila kuongeza mwanga, hutapata lodge. Utapata stoo.

3. Giza la ndani sio kitu kigeni huku

Tusidhani kuwa chumba cha giza ni fasheni iliyoletwa na simu. Nyanda hizi za juu zimekuwa na nyumba za giza kwa muda mrefu, tena kwa sababu za maana.

Nyumba za jadi za Wairaqw zilijengwa zikiwa zimechimbiwa kwenye mteremko, zikiwa na paa la udongo. Zilihifadhi joto na zilikuwa vigumu kuonekana kwa mbali, jambo lililosaidia nyakati za uvamizi wa mifugo. Nyumba ya Kimasai, inayojengwa na wanawake kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, nayo ni ya chini na ina vitundu vidogo tu vya mwanga.

Nyumba zote hizi zina somo moja kwa mtu wa geto. Ndani palikuwa na giza, lakini katikati palikuwa na moto. Mwanga wake ulikuwa wa njano, ulitoka chini, na watu walikaa kuuzunguka. Hakuna aliyetegemea mwanga mweupe kutoka darini.

Pwani walifanya kinyume. Nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu zimepakwa chokaa nyeupe, kwa sababu vichochoro ni vyembamba, jua ni kali, na mwanga mdogo unaoingia unatakiwa usambae. Kila sehemu ilichagua kulingana na hali yake. Na wewe fanya hivyo hivyo.

4. Pima mwanga wa chumba kabla ya kununua chochote

Jaribio hili halina gharama. Chagua siku ya kawaida, isiwe ya jua kali sana wala ya ukungu. Saa sita mchana zima taa, fungua pazia, kaa kwenye kona iliyo mbali zaidi na dirisha. Chukua karatasi yenye maandishi madogo, kwa mfano karatasi ya maelezo ya dawa.

Ukisoma bila shida, chumba chako kinaweza kubeba rangi nzito hata kuta zote nne. Ukisoma kwa kukunja uso, paka ukuta mmoja tu. Usiposoma kabisa, acha kuta zibaki nyeupe, upate sura hiyo kwa vitambaa na taa. Tutaeleza chini.

Angalia pia dirisha linatazama wapi. Karatu ipo nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa karibu utosini mwaka mzima na haliingii sana ndani. Dirisha la mashariki linapata jua la asubuhi, la magharibi linapata la jioni. Kwa mtu anayetoka kazini jioni, dirisha la magharibi ni zawadi: lile jua la dhahabu la saa kumi na moja likipiga ukuta wa kijani kilichokolea, huhitaji pambo lingine.

Kuna kundi moja ambalo rangi nzito inawafaa zaidi: wanaofanya zamu za usiku. Walinzi, wahudumu wa hoteli, manesi. Kama unalala mchana, chumba chenye kuta za giza na pazia zito kinakusaidia kupata usingizi, maana mwanga ukipenya kidogo pembeni mwa pazia hausambai chumba kizima. Kwenye chumba cheupe, mwanya mmoja tu unatosha kukuamsha.

5. Vumbi jekundu ndilo litakalokuchagulia rangi

Udongo wa Karatu ni mwekundu, umetokana na volkano za zamani za milima hii. Ndio unaokuza kahawa ya Oldeani. Ndio pia unaoingia chini ya mlango kila gari linapopita, hasa miezi ya kiangazi.

Kwenye ukuta mweupe vumbi hilo linaacha alama nyekundu chini na kwenye pembe za mlango. Ndiyo maana shule, zahanati na ofisi nyingi hupaka sehemu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta iliyokolea, kahawia au kijivu, halafu juu nyeupe. Wazee waligundua siku nyingi kwamba rangi nzito inaficha uchafu.

Lakini sio rangi nzito zote. Nyeusi kabisa ni mbaya kwa vumbi. Vumbi letu ni jepesi kuliko nyeusi, kwa hiyo linaonekana kama poda iliyomwagwa juu ya meza, shelfu na ukingo wa dirisha. Utafuta asubuhi, jioni limerudi.

Rangi zinazoelewana na Karatu ni hizi:

Kahawia ya kahawa iliyokaangwa. Ina wekundu kidogo ndani yake, kwa hiyo vumbi linapotea humo. Inaonekana ya joto, inafaa mahali penye baridi.

Damu ya mzee. Ni nzito, ni ya kifahari, na ipo karibu na udongo wenyewe. Inaendana vizuri na shuka la Kimasai na mbao.

Kijani cha msitu. Kama kile cha msitu wa ukingo wa kreta baada ya mvua. Kinatulia macho. Vumbi linaonekana kidogo, lakini sio kama kwenye nyeusi.

Bluu ya usiku na kijivu cha mkaa. Nzuri kwa ukuta mmoja wa nyuma ya kitanda, mbali na mlango. Bila taa ya njano huonekana za baridi sana, hasa Juni hadi Agosti.

Usichague kwa kuangalia karatasi ya rangi dukani. Nunua kidogo, au omba fundi achanganye kidogo, upake kwenye kipande cha boksi chenye ukubwa wa daftari kubwa. Kiegemeze ukutani siku mbili. Kiangalie asubuhi, mchana, na usiku ukiwa umewasha taa. Rangi ileile inaweza kuonekana tatu tofauti.

6. Sio rangi tu, angalia inang'aa au haing'ai

Rangi za ukutani zipo za aina kuu tatu. Kuna rangi ya maji isiyong'aa, kuna rangi ya maji yenye mng'ao kidogo ambayo mafundi huiita silk, na kuna rangi ya mafuta inayong'aa sana.

Isiyong'aa ndiyo inayotoa ile sura laini ya kwenye picha, na inaficha makosa ya lipu. Shida yake ni kwamba haipendi kusuguliwa. Ukifuta doa kwa nguvu, pale ulipofuta patabaki na alama, na kwenye rangi nzito alama hiyo inaonekana zaidi.

Silk inafutika vizuri kwa kitambaa chenye maji. Kwa chumba kimoja ambacho humo humo unapika, unalala na kuoga ukiwa na choo cha ndani, hii ndiyo inayofaa zaidi.

Rangi ya mafuta iache. Kwenye kuta nyeusi inarudisha mwanga kama kioo, kila tuta la lipu litaonekana, na harufu yake kwenye chumba kimoja inakaa siku nyingi. Pia, katika nchi nyingi rangi za mafuta zenye rangi kali zimewahi kukutwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Aina yoyote utakayochagua, nunua kopo lililofungwa lenye lebo na alama ya TBS. Usinunue rangi ya kupimiwa kwenye chupa.

Angalia pia ukuta wenyewe. Kama kuna unga mweupe unatoka kwenye lipu, hiyo ni chumvi inayoletwa na unyevu. Kwenye ukuta mweupe huioni. Kwenye ukuta wa giza itaonekana kama ramani. Rangi haitibu unyevu, kwa hiyo mwambie mwenye nyumba ashughulikie chanzo kwanza. Na kama nyumba ni mpya, lipu inahitaji takribani siku 28 kukauka kabla ya kupakwa.

7. Piga hesabu ya kopo, na hesabu ya kutoka

Tuchukue chumba cha futi 10 kwa 12, yaani mita 3 kwa 3.6, chenye urefu wa mita 2.7 kwenda juu. Kuta zote nne ni mita za mraba 35 na ushee. Ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 32.

Lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 6 na nusu hivi. Rangi nzito mara nyingi hudai mkono wa tatu, hasa kama chini kulikuwa cheupe, na hapo unafika karibu lita 10. Kwa hiyo makopo mawili ya lita 4 yanaweza kukuishia ukutani kabla hujamaliza.

Ukuta mmoja wa nyuma ya kitanda, wa mita 3, ni mita za mraba 8 tu. Hata ukipiga mikono mitatu ni lita 2 na nusu. Kopo moja la lita 4 linatosha na linabaki la kurekebisha mikwaruzo.

Sasa hesabu ambayo watu husahau: ya kutoka. Siku ukihama, mwenye nyumba anataka chumba cheupe. Kuirudisha nyeusi kuwa nyeupe ni mkono mmoja wa rangi ya kwanza ya kuzibia, kisha miwili au mitatu ya nyeupe. Kwa kuta nne unaweza kutumia rangi nyingi kuliko uliyotumia kuingia. Kwa ukuta mmoja ni kazi ya siku moja.

Kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba mapema, kwa heshima. "Shikamoo mzee, naomba kupaka ukuta mmoja rangi ya kahawia, gharama ni yangu, nikihama nitarudisha nyeupe." Akikubali, mwombe akuandikie hata ujumbe mfupi kwenye simu, na upige picha ya ukuta kabla hujagusa. Neno la mdomo husahaulika, na ukishalipa kodi ya miezi sita mbele hutaki ugomvi.

Kuhusu muda, rangi ya maji haikauki vizuri kwenye baridi chini ya nyuzi joto 10 wala kwenye unyevu. Epuka masika ya Machi hadi Mei, na asubuhi zenye ukungu za Juni hadi Agosti. Januari, Februari, Septemba na Oktoba ni miezi mizuri. Paka kuanzia saa nne asubuhi, maliza saa tisa alasiri, acha dirisha wazi.

8. Taa ndizo zinazofanya kazi, ukuta ni mandharinyuma tu

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua taa kabla ya rangi. Hata chumba cheupe kinabadilika ukibadilisha taa.

Balbu nyingi zinazouzwa madukani ni nyeupe ya ubluu, zimeandikwa 6500K. Ni nzuri kwa duka au darasa. Kwenye ukuta wa kijani au kahawia zinaifanya rangi ionekane kama imekufa. Tafuta zilizoandikwa 2700K au 3000K. Hizo ni za njano, karibu na mwanga wa moto.

Gawa mwanga sehemu tatu. Taa ya kwanza iwe pembeni mwa kitanda, usawa wa kifua ukiwa umekaa. Ya pili iwe sakafuni kwenye kona, ikimulika ukuta kwenda juu. Ya tatu iwe pale unapopikia au unapojiandaa. Ya darini iache kwa siku za usafi.

Usiogope LUKU. Balbu tatu za LED za wati 5 zikiwaka saa tano kila siku zinatumia wati-saa 75. Kwa siku 30 hiyo ni uniti 2 na robo. Pasi inaweza kutumia zaidi ya hapo.

Tatizo la kweli ni soketi. Vyumba vingi vina soketi moja. Usiunganishe ekstenshen juu ya ekstenshen, na usiweke taa, jiko la koili na pasi kwenye waya mmoja mwembamba. Ukishika waya ukausikia wa moto, punguza vitu mara moja.

Kioo nacho ni taa ya bure. Weka kioo kirefu ukuta unaotazamana na dirisha, au ulio pembeni yake. Na dari iache nyeupe. Kwenye chumba cha futi 9 kwenda juu chenye dirisha moja, dari nyeusi itakukandamiza.

9. Baridi, jiko na mbu: hapa usifanye mchezo

Karatu mjini ipo mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika mita 2,300 hivi. Ni baridi, na watu hupenda kusikia kwamba rangi nyeusi inaleta joto. Ndani ya chumba sio kweli. Nyeusi hunyonya joto pale jua linapoipiga moja kwa moja, kama kwenye bati au ukuta wa nje. Ukuta wa ndani haupati jua hilo. Rangi ya kahawia inakufanya ujisikie kama kuna joto, lakini kipimajoto hakitabadilika. Hata kule Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, ambako ni chini na kuna joto, ukuta wa ndani wa giza haukuunguzi. Kinachounguza ni bati.

Joto la kweli linatoka kwenye pazia zito, zulia, blanketi nene na kuziba mwanya chini ya mlango. Lakini hapo ndipo hatari inapoingia. Mtu ameziba kila mahali, pazia limefungwa, chumba kinapendeza, kisha anaingiza jiko la mkaa ndani lipashe joto. USIFANYE HIVYO. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu husikia kichwa kizito na usingizi, analala, haamki. Hata mkaa ulioonekana umezima bado unatoa hewa hiyo. Jiko likae nje, na ukipika kwa gesi ndani fungua dirisha.

Mishumaa vivyo hivyo. Inapendeza kwenye picha, lakini kwenye chumba chenye pazia, neti na vitambaa ukutani, taa ndogo ya betri inatoa mudi ileile bila kuunguza nyumba ya watu wote.

Mvuke nao uangalie. Ukipika maharage na kuoga humo humo, unyevu unatua kwenye ukuta wa baridi na kuleta ukungu mweusi. Kwenye ukuta mweupe unauona mapema na kuufuta. Kwenye ukuta wa giza unaweza kukua nyuma ya kabati miezi mingi bila wewe kujua. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya kabati na ukuta, na kagua nyuma yake kila mwezi. Ukihisi harufu ya uvundo, tayari upo.

Na mbu. Mbu hupenda kupumzika sehemu za giza, na kwenye ukuta mweusi hutamwona hata akiwa mbele ya uso. Karatu kuna baridi, lakini wapo, na anayefanya kazi huku na kulala Mto wa Mbu anajua jina hilo halikutolewa bure. Neti iwepo kila siku. Chagua nyeupe au ya krimu, itang'aa vizuri mbele ya ukuta wa giza na itakuwa pambo lenyewe.

Kama huruhusiwi kupaka kabisa

Wengi wapo hapa. Mwenye nyumba kakataa, au unaishi nyumba za wafanyakazi kule juu kwenye ukingo ambako chumba ni cha mwajiri. Bado inawezekana.

Funga fimbo ya pazia nyuma ya kitanda, ukuta mzima, ning'iniza kitambaa kizito cha kijani au kahawia kutoka juu hadi chini. Ni ukuta wa giza unaohama na wewe. Tandika shuka la kitanda la rangi hiyohiyo iliyokolea zaidi kidogo. Weka shuka la Kimasai jekundu na jeusi mguuni mwa kitanda. Badilisha balbu iwe ya 2700K. Ongeza kikapu, mkeka na mmea mmoja karibu na dirisha.

Zile karatasi za kubandika ukutani kuwa nazo makini. Kwenye lipu yenye unyevu hubanduka pembeni, na ukizitoa huondoka na rangi ya mwenye nyumba. Jaribu kipande kidogo nyuma ya mlango kwa wiki mbili kabla hujafunika ukuta mzima.

Kama hela ni ndogo, fuata mpangilio huu

Mwezi wa kwanza: badilisha balbu, ongeza taa moja ya pembeni. Ishi hivyo wiki mbili.

Mwezi wa pili: nunua pazia zito na shuka la rangi nzito. Angalia kama bado unaipenda. Wengine huishia hapa na chumba kimeshapendeza.

Mwezi wa tatu: baada ya kuongea na mwenye nyumba, paka ukuta mmoja nyuma ya kitanda. Kaa nao mwezi.

Baada ya hapo ndipo uamue kuhusu kuta nyingine tatu. Ukifika hatua hiyo utakuwa unajua chumba chako kinapata mwanga kiasi gani, vumbi linatua wapi, na kama asubuhi yenye ukungu bado unaamka na furaha humo. Hayo hakuna picha ya kwenye simu inayoweza kukuambia.